Mama Akija Mara ya Tatu, Unampeleka Wapi?

Mara ya kwanza mama alipokuja kwetu Eden Prairie, tulimpeleka Mall of America. Mara ya pili, maporomoko ya Minnehaha. Safari hii akasema, "Mwanangu, maduka nimeshayaona."

Basi tukaenda Staring Lake, hapa hapa karibu, bure. Kuna njia ya lami inayozunguka ziwa. Mnatembea polepole, magoti hayalalamiki. Kesho yake, Richard T. Anderson: unapanda kilima, chini unaona bonde la Mto Minnesota. Pale ndipo mama alipoanza kumsimulia mwanangu habari za shamba la babu, kwa Kiswahili kitupu. Mtoto alikuwa anakwama-kwama, ila sikuwatafsiria. Wakaelewana. Madukani hawajawahi kuongea hivyo.

Nyie wazazi wenu mnawapeleka wapi?