Chunga Kidonge Kilichobaki



Shingo ya mutoto ikipindika, macho yakigeuka juu, ulimi ukitoka na meno yakikazana, wengi wetu tunasema: "Wamemuloga." Lakini pengine ni dawa.

Sikilizeni mambo ya Ituri, kaskazini mwa Kivu yetu. Toka mwisho wa mwaka 2014 hata katikati ya 2015, mamia ya watu walipelekwa hospitali na alama hizo. Wengi walikuwa watoto. Kwanza waganga walifikiri ni meninjiti, lakini haikuwa hiyo.

Basi wakapima mukojo wa wagonjwa na vidonge walivyokunywa. Kwenye kopo iliandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Lakini ndani mulikuwa haloperidoli, dawa ya watu wenye ugonjwa mukali wa akili. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 10 hata 20, nyingi mno kwa mutoto! Mama aliyeongeza kidonge ili mutoto atulie, alizidisha mateso bila kujua. Katika Julai 2015 OMS ikaonya mataifa.

Walijuaje? Dawa ikimezwa inapita katika damu, inafika kwenye ini, kisha sehemu yake inatoka kwa mukojo. Laboratwari inaweza kuiona. Hata mutu akikufa, daktari anaweza kuchunga kipande cha ini katika formoli na kukipima nyuma. Lakini formoli yenyewe inageuza dawa zingine, na kazi inakuwa nguvu. Ushuhuda mwema ni ule wa mapema: mukojo, damu, na kidonge chenyewe.

Kwa hiyo, mama wa Mubambiro, shika haya:

1. Usinunue vidonge vya kuhesabiwa mukononi sokoni, visivyo na jina.
2. Mutoto akipindika kisha kunywa dawa, usimupe kidonge kingine. Kimbia naye kwenye kituo cha afya. Iko dawa ya kumulegeza.
3. Leta vidonge vilivyobaki, pamoja na karatasi ao kopo yake. Usivitupe kwa sababu ya haya.
4. Sema kweli yote: alikunywa nini, ngapi, saa gani, na ilinunuliwa wapi. Hata dawa ya jirani, itaje.

Munganga hakuulizi ili akuhukumu. Kidonge kimoja ulichokifunga kwenye kitambaa kinaweza kuponyesha mutoto wako, na watoto wa majirani pia.