Mteja Akitaka "Dawa ya Kuogesha Farasi", Muulize Kwanza

Wauzaji wenzangu, somo la leo linahusu farasi, lakini litakufaa hata kama unauza viatu au mafuta ya nywele. Soma mpaka mwisho.

Mimi nauza mahitaji ya mifugo. Nipo Magoma, wilaya ya Korogwe, huku bondeni chini ya milima ya Usambara. Wateja wangu wa dukani ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kuku. Wale wa mtandaoni wanatoka popote. Huku tumezungukwa na mkonge, na farasi sijawahi kumwona hata mmoja akipita barabarani. Basi jioni moja ukaingia ujumbe WhatsApp: "Habari dada. Nina farasi wanne huku Arusha, nahitaji dawa ya kuogesha. Ipo? Bei gani?"

Wewe unayeuza vitu vya mifugo unajua. Kwetu mtu akisema "dawa ya kuogesha" tunaelewa kitu kimoja tu: dawa ya kupe, ile ya josho. Na mimi ninayo, chupa zimejaa kwenye shelfu. Nikaandika haraka haraka, "Ipo boss wangu, nitakufanyia bei nzuri." Kidole kipo tayari kutuma. Nikajiambia hapana, hebu nimuulize kwanza. Nikafuta, nikaandika: "Kaka, samahani, hao farasi wana kupe, au unataka waoge tu wawe safi?"

Akajibu: "Kupe hawana kabisa. Wageni wanawapanda, wanarudi na jasho na vumbi. Nataka manyoya yang'ae."

Yaani mtu alitaka kitu kama sabuni. Mimi nilikuwa namfungashia sumu.

*KWA NINI NASEMA SUMU*

Moja ya dawa za kupe zinazotumika sana kwa ng'ombe ina kiambato kinachoitwa amitrazi. Kwenye chupa utaona imeandikwa AMITRAZ, mara nyingi na 12.5% pembeni. Ng'ombe akiogeshwa kwa kipimo sahihi, kupe wanadondoka na yeye anaendelea na malisho. Farasi ni tofauti kabisa. Kwa farasi kiambato hiki kinalegeza utumbo mpaka unaacha kusukuma chakula. Choo kinakauka na kuziba ndani, tumbo linauma, na mnyama anaweza kufa. Ukumbuke pia kwamba farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Ndiyo maana watengenezaji wanaweka onyo kwamba isitumike kwa farasi. Tatizo ni kwamba onyo limeandikwa kwa herufi ndogo, na sisi tunaouza huwa tunasoma bei na tarehe ya kuisha tu. Na punda je? Punda ni ndugu wa damu wa farasi. Usijaribu.

Sasa piga hesabu. Faida yangu kwenye ile chupa ingekuwa elfu chache. Kwa upande wa pili kuna farasi wanne ambao ndio ajira ya yule kaka. Mnyama akifa, mteja hatasema "nilikosea neno". Atasema "yule dada wa Magoma aliniuzia". Na atakuwa sahihi, maana mimi ndiye muuzaji.

*FARASI ANAOGA NA NINI HASA?*

Nilimwomba anipe siku moja. Nikamuuliza daktari wa mifugo, nikasoma. Nimekuwekea hapa, na wewe siku ukiulizwa usibabaike.

1. MAJI MATUPU. Usicheke. Jasho la farasi lina protini yake inayotoa povu, inaitwa latherini. Ukiona farasi aliyekimbia ana povu jeupe shingoni na chini ya tandiko, ni hiyo. Kwa hiyo jasho la kila siku halihitaji sabuni. Maji safi, sponji, kisha unayakamua maji kwenye manyoya na kumwacha akauke. Kung'aa kunatokana na mafuta ya asili ya ngozi yake, na sabuni ikizidi inayaondoa. Wengi wanaoshampuu farasi kila siku ndio hao hao wanaolalamika manyoya yamefifia.

2. SHAMPUU YA FARASI. Hii ni ya mara moja moja: kabla ya gwaride, mashindano, picha, au akiwa mchafu kweli kweli. Ngozi ya farasi haina asidi kama yetu. Kwenye kile kipimo cha asidi kinachoanzia 0 hadi 14, ngozi ya binadamu iko karibu na 5, ya farasi iko karibu na 7. Shampuu yake imetengenezwa kwa hesabu hiyo. Nyingi ni nzito, unachanganya kidogo kwenye ndoo ya maji. Kazi kubwa iko kwenye kusuuza. Sabuni ikibaki kwenye manyoya inaleta mwasho, farasi anajikuna mpaka anatoa vidonda.

3. SABUNI YA MCHE, SABUNI YA UNGA, SABUNI YA VYOMBO. Hizi zimetengenezwa kung'oa mafuta na uchafu kwenye nguo na masufuria. Sabuni ya mche iko kwenye 9 hadi 10 kwa kipimo kile kile. Nguo haina ngozi, farasi anayo. Mteja akikuambia "nitatumia tu ya unga", mwambie ukweli kwa upole, hata kama wewe huna ya kumuuzia.

4. SHAMPUU YA MBWA. Ya kawaida, isiyo na dawa, haina shida kubwa, maana ngozi ya mbwa nayo iko karibu na 7. Ila soma lebo. Ikiwa ni ya viroboto basi ni dawa, siyo shampuu ya kung'arisha. Na wewe unayeuza vitu vya paka na mbwa, kumbuka hili: permethrini, inayovumiliwa na mbwa, inaua paka.

5. SABUNI YA DAWA. Hii ni pale ngozi inapoumwa. Msimu wa mvua farasi anaweza kupata magamba mgongoni, ukiyavuta yanatoka na manyoya. Ugonjwa huo unaletwa na bakteria anayeitwa Dermatophilus congolensis. Jina lina Kongo ndani yake kwa sababu alielezwa kwa mara ya kwanza huko mwaka 1915, kwa ng'ombe. Madaktari wengi wanatumia sabuni yenye klorheksidini, unapaka, unaiacha kama dakika 10, ndipo unasuuza. Wengi wanakosea hapo, wanapaka na kumwaga maji papo hapo. Lakini kuamua kwamba ni ugonjwa huo siyo kazi yako muuzaji wala yangu. Ni kazi ya daktari wa mifugo. Na kupe wa farasi ni hivyo hivyo, daktari ndiye achague dawa.

*MASWALI MANNE KABLA YA KUTAJA BEI*

Tangu siku ile nimeyabandika ukutani juu ya meza yangu:

- Ni mnyama gani? Usikisie. Andika jina lake kwenye oda.
- Unataka kumsafisha, au kuna ugonjwa au wadudu?
- Sasa hivi unatumia nini? Jibu lake litakuonyesha anachokijua na asichokijua.
- Nitumie picha. Ya mnyama, au ya chupa iliyoisha. Picha moja inaokoa maneno ishirini.

Haichukui dakika tano. Na mteja haoni usumbufu kama unavyodhani. Anaona yuko na mtu anayeijua kazi yake.

*POSTI YAKO INASEMAJE?*

Baada ya hapo nilirudi kwenye posti zangu za zamani nikaona aibu. Nilikuwa nimeandika: "Dawa ya kuogesha mifugo yote ipo, karibuni." Mifugo yote! Nani alinituma? Nikafuta, nikaandika hivi:

"Dawa ya kupe kwa ng'ombe. SIYO ya farasi wala punda. Usichanganye kwa kukadiria, fuata kipimo cha kwenye chupa. Kwa kusafisha manyoya tu, niulize, ni bidhaa nyingine."

Unaweza kuona inafukuza wateja. Kwangu haijafukuza. Watu wananiandikia zaidi, kwa sababu swali la kwanza nimeshawajibu. Na jambo lingine: dawa za mifugo zina sheria na vibali vyake. Kama huna kibali usiziweke kwenye posti, baki na vifaa: ndoo, sponji, burashi, kamba.

*SOKO LENYEWE LIKO WAPI?*

Utaniuliza, farasi Tanzania ni wangapi mpaka nihangaike? Kweli, siyo wengi. Mbung'o na magonjwa kama ule wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na visubi, ndivyo vilivyofanya farasi wasishamiri kwetu kama ng'ombe. Lakini wapo. Wapo wa utalii upande wa Arusha na Kilimanjaro, wapo wa kupandwa ufukweni Zanzibar, na Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Soko dogo lina faida yake: wauzaji ni wachache, na wenye farasi wanajuana. Ukimhudumia mmoja vizuri, watatu wanakuja. Ukimuumiza mmoja, wote wanajua kabla ya jua kuzama.

*TULIUZIANA NINI MWISHONI?*

Yule kaka nilimwambia ukweli: "Shampuu ya farasi sina. Kwa jasho la kila siku maji yanatosha. Ninachoweza kukutumia ni sponji, na burashi za singa za mkonge." Huku Magoma singa za mkonge siyo kitu cha kutafuta. Na burashi siyo kitu kigeni kwa farasi: hata huko nje baadhi ya burashi zao zinatengenezwa kwa nyuzi za mmea wa Mexico ambao ni ndugu wa mkonge wetu. Nikamwomba aijaribu kwanza kwenye mkono wake. Ikimkwaruza yeye, iwe ya kutoa matope makavu tu, isiguse uso wa farasi.

Akaagiza. Mzigo ukashuka Korogwe, ukapanda basi la Arusha. Baada ya wiki mbili akaniandikia: "Dada, wanang'aa. Naomba burashi sita nyingine, za jirani." Faida ya burashi zile ilizidi ile ya chupa niliyokuwa namtumia. Lakini hata ingekuwa ndogo, ningelala usingizi.

Ukimtumia mtu shampuu au kimiminika chochote kwa basi, funga kifuniko kwa gundi ya karatasi, weka kwenye mfuko wa nailoni, simamisha chupa wima, na uandike kwa kalamu nene ni kitu gani na ni cha mnyama gani. Mzigo unapokewa na mfanyakazi asiyejua mliongea nini kwenye simu. Maandishi yako ndiyo yatakayomwambia.

Kazi ya leo: kabla hujafunga duka, chukua bidhaa tatu unazouza sana. Soma maandishi yote ya nyuma, mpaka yale madogo. Kwa kila moja andika sentensi moja: "Hii SIYO ya nani?" Kama huwezi kujibu, usiipandishe kwenye status kesho mpaka umemuuliza anayejua.

Kuuza haraka ni kuzuri. Ila kuuliza hakujawahi kumuua farasi wa mtu.