Mwenye Baiskeli Ndani ya Foleni: Apite au Asubiri?



Kila asubuhi, kabla ya saa moja, barabara ya Jinja kwenda Kampala huwa imekwisha kujaa. Kuanzia Mukono, kupita Seeta, Namanve, Bweyogerere, Kireka na Banda mpaka Nakawa, magari husimama moja nyuma ya jingine. Mna malori ya kontena yaliyotoka Mombasa kwa njia ya Malaba na Busia. Mna teksi za abiria kumi na wanne, zile ambazo jirani zetu wa Kenya huziita matatu. Mna magari ya wakubwa, na mna bodaboda wasiohesabika. Na pembeni kabisa, kati ya lori na mtaro, yumo mfanyakazi mwenzetu juu ya baiskeli, chakula chake kimefungwa nyuma kwa mpira, anakimbilia zamu.

Katika mikutano yetu kwenye mageti ya viwanda swali hili limeulizwa mara nyingi, na mara nyingi limeleta ubishi: magari yakisimama, mwenye baiskeli ayapite au asimame nyuma yao?

Wako wasemao asimame. Baiskeli ni chombo cha barabarani kama vyombo vingine, na mwenye adabu hungoja zamu yake. Wako wasemao apite. Faida ya baiskeli ni wembamba wake. Kama itangoja pamoja na lori la tani thelathini, basi afadhali mtu aende kwa miguu. Pande zote mbili zina ukweli wao. Sisi tumelifikiria jambo hili, na jibu letu ni hili: apite, lakini si kila mahali, si kwa kila gari, na asipite kwa sababu saa ya geti inamfukuza. Tueleze.

KWA NINI TUNASEMA APITE

Mtu akisimama na baiskeli katikati ya foleni hayuko salama kama anavyodhani. Mbele yake kuna moshi, na nyuma yake kuna dereva anayetazama simu au aliyechoka, ambaye gari likianza kutembea huenda asimwone. Tena baiskeli haikuileta foleni. Foleni imeletwa na magari. Kumwambia mfanyakazi asiyekuwa na gari angojee magari ya wengine saa nzima ni kumtwika mzigo usio wake.

Hata sheria za wengine zimekubali hivyo. Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama hapa Uganda, kanuni za barabara zilirekebishwa Januari 2022. Zinasema mwenye baiskeli anaweza kuyapita magari yaliyosimama au yanayokwenda polepole, kwa kulia au kwa kushoto. Lakini kanuni hizo hizo zinamwonya awe mwangalifu hasa akikaribia njia panda, na hasa anapofikiria kulipita lori au gari jingine kubwa. Kiini cha jambo letu kimo katika maneno hayo ya mwisho.

UBAVU WA LORI

Dereva wa lori hukaa juu. Usukani wake hapa kwetu uko kulia. Mtu aliye karibu na ubavu wa kushoto wa kichwa cha lori, au mbele kabisa chini ya kioo, dereva hamwoni kwa macho yake. Humtegemea kioo cha pembeni, na kioo hicho kikivunjika, kikipinda au kikijaa vumbi, mtu huyo ni kama hayupo. Ndugu msomaji, ubavu huo wa kushoto ndio ule unaopitia wewe.

Kuna jambo la pili. Lori lenye trela linapokata kona kwenda kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata kwa ndani, yakisogelea ukingo wa lami. Mwenye baiskeli aliyesimama kando ya trela huona nafasi yake inapungua, inapungua, mpaka hakuna pa kwenda isipokuwa mtaroni au chini ya gurudumu. Dereva hana habari. Huenda akasikia utingo wake akipiga kelele, na huwa amechelewa.

Mji wa London ulijifunza jambo hili kwa uchungu. Malori huko ni machache kuliko magari madogo, lakini kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya vifo vya wapanda baiskeli vilihusu malori. Kwa hiyo tangu Machi 2021 lori lenye uzito wa zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia katika mji huo bila kibali kinachoonyesha dereva wake anaona kiasi gani kutoka kwenye kiti chake. Lisipotosha, linapaswa kuongezewa vifaa vya usalama. Wenye malori walilalamika juu ya gharama, lakini sheria ilipita.

Wenzetu wa mashamba ya miwa, huko Lugazi na Kakira, msidhani haya ni ya watu wa mjini tu. Foleni ya trekta mbele ya mizani ya kiwanda ni foleni kama nyingine. Trekta moja huvuta matela, na miwa huchomoza ubavuni na kuanguka. Mtu asivuke kati ya tela na tela hata zikiwa zimesimama, kwa maana trekta likivuta, chuma cha kuunganishia hukaza ghafla. Wala asipite kando ya tela katika njia nyembamba yenye vumbi, ambamo dereva haoni hata tela lake mwenyewe.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, lori au basi likiwa karibu na njia panda au kipilefti, usilipite kwa kushoto. Simama nyuma yake, mahali unapoona kioo chake. Usipouona uso wa dereva katika kioo, naye hakuoni.

Pili, sikiliza. Lori lenye breki za upepo hutoa mlio mkubwa dereva anapoziachia. Ukisikia mlio huo, huenda lori linataka kuondoka. Usianze kulipita, na kama umekwisha kuanza, shuka pembeni.

Tatu, tazama magurudumu ya mbele, si taa ya kuonyesha kona. Taa huweza kuwa imekufa miezi mingi, lakini gurudumu likipinda, lori litapinda.

Nne, jihadhari na mlango wa teksi. Mlango wake uko kushoto, na kondakta huufungua popote foleni inaposimama. Abiria huruka nje bila kutazama. Pita polepole, vidole vikiwa juu ya breki, na uache nafasi ya mlango kama iko.

Tano, katika foleni kuna watu wanaovuka kwa miguu, wauza maji na wauza magazeti, na watoto wa shule. Hutokea ghafla kati ya gari na gari. Kasi yako iwe kama ya mtu anayetembea haraka, isizidi.

Sita, magari yakianza kutembea, usiendelee kushindana nayo. Ingia katika mstari, au simama ukingoni mpaka yatulie.

Wenzetu wanaovuka mpaka kwa kazi wakumbuke jambo moja zaidi. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Lakini malori yatokayo Tanzania, Kenya na Uganda huingia huko yakiwa na usukani wao wa kulia. Basi kabla ya kulipita lori, tazama usukani uko upande gani. Upande ulio mbali na dereva ndio upande wa hatari, nchi yoyote ile.

SAA YA GETI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwenzetu anayejipenyeza kati ya lori na mtaro hajui kuwa ni hatari? Anajua sana. Lakini anajua pia kwamba geti litafungwa. Viko viwanda ambavyo mtu akichelewa dakika kumi hukatwa saa nzima au hurudishwa nyumbani, na siku imepotea. Kibarua wa kutwa akirudishwa, jioni hakuna unga nyumbani. Basi anapima: lori huenda likamgonga, huenda lisimgonge, karani wa geti atamkata, hilo ni hakika. Anajipenyeza.

Kwa hiyo mafundisho ya barabarani peke yake hayatoshi. Tutawaambia wanachama wasubiri nyuma ya lori, nao watatujibu: nani atanilipia dakika hizo? Ni lazima chama kiwe na jibu. Matawi yetu yanapojadiliana na waajiri juu ya mkataba wa pamoja, tunataka mambo haya yawekwe mezani:

Mfanyakazi asikatwe wala asirudishwe kwa kuchelewa dakika chache pale foleni inapojulikana, bali afidie dakika hizo mwisho wa zamu. Viwanda vinavyopakana visianze zamu saa moja ileile, ili watu na malori wasikutane wote barabarani kwa wakati mmoja. Malori ya kiwanda yasiingie wala kutoka getini wakati zamu zinabadilishana. Malori hayo yawe na vioo kamili, na utingo ashuke kumwongoza dereva anapogeuza. Na ndani ya geti kuwe na mahali pa kufungia baiskeli.

Hakuna katika hayo linaloweza kumfilisi mwajiri. Kioo cha pembeni ni rahisi kuliko kesi.

Serikali nayo ina deni. Mwaka 2012 Uganda iliandika sera ya kuwatambua watembea kwa miguu na wapanda baiskeli katika ujenzi wa barabara. Ni sera nzuri. Lakini mwenzetu wa Seeta anayekwenda Namanve bado anaitafuta njia yake kati ya lami na mtaro.

AJALI IKITOKEA

Wanachama wengi wameambiwa na makarani: umeumia nje ya geti, hayo hayatuhusu. Msikubali. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema kwamba ajali inayompata mfanyakazi akiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini huhesabiwa kuwa ajali ya kazi. Lakini ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba alikuwa anakwenda moja kwa moja. Aliyepitia kilabuni kwanza ataulizwa maswali.

Basi fanyeni hivi. Mjulishe mwajiri haraka, kwa maandishi, hata kama barua itaandikwa na jirani wakati wewe umelazwa. Andikeni saa, mahali, na namba ya gari. Chukueni majina ya watu wawili walioona. Ripotini polisi. Karatasi za hospitali zisitupwe. Halafu mwite mwakilishi wa tawi kabla ya kuweka saini au dole gumba kwenye karatasi yoyote ya mwajiri au ya kampuni ya bima.

Neno la mwisho ni juu ya madereva. Dereva wa lori si adui wa mwenye baiskeli. Naye ni mfanyakazi, mara nyingi amekesha njiani, naye ana tajiri anayempigia simu kumuuliza amefika wapi. Wote wawili wanafukuzwa na saa moja. Tunawaomba wenzetu wa vyama vya uchukuzi tukae pamoja juu ya jambo hili, maana vioo tunavyovidai vitamlinda dereva asiingie gerezani kama vitakavyomlinda mwenye baiskeli asiingie kaburini.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mwakilishi ahesabu ni wanachama wangapi wanaokuja kazini kwa baiskeli, na ni wangapi waliokatwa mshahara mwezi huu kwa kuchelewa. Leteni hesabu hizo ofisini. Tukienda kwa mwajiri na hesabu mkononi, atatusikiliza vizuri zaidi.