Leseni ya Pombe Ina Masharti

Katika vijiji vya Mbulu na Hanang watu wamepika pombe tangu zamani. Wengine hupika kwa mtama au mahindi. Wadatoga hutengeneza pombe ya asali kwa ajili ya sherehe zao. Siku hizi pombe huuzwa pia kilabuni na mnadani. Pombe ikiuzwa, ni biashara, na biashara hiyo inahitaji leseni.

Leseni ni nini?

Leseni ni ruhusa yenye masharti. Msingi wake ni Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Mwenye kutaka kuuza pombe huomba leseni kwa halmashauri yake ya wilaya. Watu wengi hufikiri kuwa mtu akilipa ada anaweza kuuza atakavyo. Sivyo. Asipofuata masharti, anaweza kushtakiwa na kunyang'anywa leseni.

Masharti makubwa

1. Aina ya pombe. Leseni ya pombe ya kienyeji haimruhusu mtu kuuza bia za chupa wala pombe kali.

2. Mahali. Leseni hutaja mahali pa kuuzia. Mwenye leseni ya kilabu cha kijijini hawezi kuibeba na kuuza pombe mnadani.

3. Saa. Kuna saa za kufungua na saa za kufunga. Siku za kazi asubuhi ni wakati wa shamba na mifugo, si wakati wa kilabu.

4. Watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ni kosa kumwuzia pombe, na ni wajibu wa mwenye baa kumzuia asiingie.

5. Usafi. Mahali pa kuuzia pawe safi, pawe na choo na maji. Bwana afya hukagua.

6. Muda. Leseni ina tarehe ya mwisho. Ikipita, leseni imekufa.

Gongo na viroba

Leseni ya kilabu haimruhusu mtu yeyote kuuza gongo. Kuna Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inayokataza kutengeneza pombe hiyo bila kibali. Gongo ya kienyeji haipimwi. Inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho au kuua.

Viroba navyo vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza jambo hilo Februari 2017, akiwa ziarani katika Mkoa wa Manyara.

Kwa nini tujali?

Tuchukue mfano. Baba ameuza ng'ombe mnadani. Fedha hiyo ni ya sare za watoto na mbegu. Njiani anapita kilabuni. Kilabu kikifungwa kwa wakati, huenda akafika nyumbani na fedha imebaki. Kikiuza hadi usiku wa manane, mama na watoto ndio watakaolala njaa. Tena debe la mahindi lililopikwa pombe haliwezi tena kupikwa ugali.

Kijiji kifanye nini?

Wanakijiji wana nguvu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakiruhusu kijiji kutunga sheria ndogo. Mapendekezo hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji huzitunga, kisha halmashauri ya wilaya huzikubali.

Ukiona masharti yanavunjwa, usipigane wala usimwage pombe ya mtu. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji. Taja mahali, siku na saa. Wewe sasa unajua kusoma. Una haki ya kuuliza leseni ya kilabu cha kijiji chako inasema nini.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, vilabu vya kijiji chetu vina leseni?
2. Vinafunguliwa na kufungwa saa ngapi?
3. Mkutano mkuu ujao tupeleke pendekezo gani?