Kombucha kwa mtu anayepunguza sukari: glasi moja inawezekana, lakini kwa hesabu

Mtu aliyeambiwa na mganga apunguze sukari anabaki na swali moja kila siku: sasa nitakunywa nini? Kabimba, mji wa kiwanda cha simenti kando ya ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, ni kama sehemu nyingine nyingi za jimbo: mgeni anapewa chai yenye sukari ya kutosha, na siku ya sikukuu inafunguliwa soda, ile ambayo watu wanaita sukre. Vyote viwili ndivyo vya kwanza kukatazwa.

Kwenye simu na mitandao, jibu linalotembea sana siku hizi ni kombucha, chai iliyochachushwa. Wanaoisifu wanasema haina sukari, na wengine wanafika mbali zaidi na kusema inaponyesha ugonjwa wa sukari. Neno la kwanza si kweli. La pili ni la hatari. Hata hivyo kombucha inaweza kupata nafasi yake kwenye meza ya mtu anayejihesabia.

Kombucha ni nini

Ni chai ya kawaida, nyeusi ama ya kijani, iliyotiwa sukari, ikapozwa, kisha ikawekewa «mama» na kiasi kidogo cha kombucha ya zamani. Mama ni utando mnene, mweupe ama wa rangi ya maziwa, unaoelea juu ya chai. Kwa sura yake watu wengi duniani wanauita uyoga wa chai, lakini si uyoga. Ni kundi la bakteria na chachu, ile ambayo waoka mikate wanaiita levire, wanaoishi pamoja.

Kazi yao inakwenda kwa zamu. Chachu inaivunja sukari na kutoa pombe kidogo pamoja na hewa inayoleta povu. Bakteria nao wanaigeuza ile pombe kuwa asidi, hasa asidi ya siki. Ndiyo maana kombucha ni chachu mdomoni, na kila siku inayopita inazidi kuwa chachu.

Wakaaji wa majimbo yaliyotoka katika Katanga ya zamani hawashangazwi na kinywaji cha namna hii, maana munkoyo wanaujua. Tofauti iko katika mwanzo wa sukari. Katika munkoyo, mizizi inayotiwa ndani ya uji wa mahindi inageuza wanga wa mahindi kuwa sukari, hata kama hakuna aliyetia kijiko. Katika kombucha, sukari imetiwa na mkono wa mpikaji. Kwa hiyo munkoyo mtamu nao una sukari yake ya kuhesabiwa, na mpikaji wa kombucha hawezi kusema hajui alitia ngapi.

Sukari inakwenda wapi

Mapishi mengi yanataka gramu 50 hadi 100 za sukari kwa litre moja ya maji. Watu wanadhani yote inaliwa na mama. Hapana. Baada ya wiki moja sehemu kubwa inaweza kuwa bado mle, imegawanyika tu kuwa glukozi na fruktozi, sukari mbili ambazo mwili unazipokea bila shida. Kadiri siku zinavyoongezeka sukari inapungua na uchachu unapanda, lakini ulimi si kipimo kizuri: asidi inaficha utamu.

Kutotia sukari kabisa pia si njia. Mama atakosa chakula, chai itachelewa kuchachuka, na vijidudu vibaya vitapata nafasi. Kutia sukari ya bandia badala yake hakusaidii, kwa sababu chachu haiwezi kuila.

Kanuni iliyo salama kwa mtu asiye na chombo cha kupimia ni moja: hesabu sukari uliyotia, si ile unayotumaini kwamba imekwisha. Aliyetia gramu 60 kwa litre, glasi yake ndogo ya santilita 15 aihesabu kama gramu 9, yaani zaidi kidogo ya vijiko viwili vya chai. Ikiwa nusu ililiwa na mama, ni faida yake. Ikiwa haikuliwa, hajadanganyika.

Hesabu ya siku nzima

Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isipite asilimia 10 ya nguvu zote za chakula cha siku. Linasema kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta faida zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni karibu gramu 25, vijiko sita vya chai.

Soda moja ya kola ya santilita 33 ina gramu 35 hivi. Chupa moja tu, na kipimo cha gramu 25 kimepitwa. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakimaliza.

Hapa ndipo kombucha inapata maana. Glasi ndogo badala ya soda ni kushuka kutoka gramu 35 hadi 9 ama chini yake. Lakini glasi hiyo hiyo ikiongezwa juu ya soda na chai tamu, imeleta sukari nyingine tu. Na anayetaka kuipa harufu nzuri atumie tangawizi ama ndimu. Maji ya nanasi ama ya embe yanairudisha sukari iliyokuwa imeliwa.

Utafiti umesema nini

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na wenzao walitoa matokeo ya jaribio dogo kwa watu 12 wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Walipokunywa mililita 240 za kombucha kila siku kwa wiki nne, wastani wa sukari yao ya damu kabla ya kula ulishuka kutoka miligramu 164 hadi 116 kwa desilita. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu 12 ni wachache mno, na watafiti wenyewe waliliita jaribio la mwanzo linalohitaji kufuatwa na kubwa zaidi. Hakuna aliyesema wagonjwa waache dawa.

Upande mwingine, mwaka 1995 wakuu wa afya wa Marekani walieleza habari za wanawake wawili wa jimbo la Iowa waliokuwa wakinywa kombucha kila siku, ambao damu yao ilizidi asidi. Mmoja alikufa. Haikuthibitishwa kwamba kombucha ndiyo iliyosababisha, lakini tangu hapo kipimo kidogo, karibu mililita 120 kwa siku, ndicho kinachotajwa mara nyingi kwa watu wenye afya.

Maji, chombo na joto

Kalemie ni sehemu ambako kolera inarudi mara kwa mara, na maji ya ziwa ama ya mto hayawezi kuaminiwa kwa macho. Maji ya kombucha yachemke kweli, chai ipoe hadi iwe vuguvugu, ndipo mama awekwe. Mikono na vyombo vioshwe kwa maji safi. Mtu asitegemee asidi imuulie vijidudu.

Chombo kiwe cha kioo. Asidi inakula aluminiamu, na vyungu vingine vilivyopakwa rangi ya kung'aa vinaweza kutoa risasi, yaani plomb, ambayo ni sumu. Juu kifungwe kwa kitambaa safi kilichobana, nzi wasiingie. Katika joto la kando ya ziwa kazi inakwenda haraka. Kuanzia siku ya sita inafaa kuonja. Ukungu wa kijani, mweusi ama wa manyoya ukionekana, vyote vitupwe, pamoja na mama. Chupa iliyofungwa sana inaweza kupasuka kwa hewa iliyojaa ndani.

Nani aiache

Kombucha ya nyumbani haijapikwa baada ya kuchachuka, na pombe yake inaweza kupita asilimia moja. Kwa hiyo haifai kwa mama mwenye mimba, mtoto mdogo, na mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila matibabu thabiti. Aliyeacha pombe kwa sababu ya dini ama ya afya naye ajue hilo kabla ya kuonja. Mwenye vidonda vya tumbo ama ugonjwa wa figo aulize kwanza kituo cha afya.

Anayetumia insulini ama vidonge vya sukari asipunguze dawa hata kidogo kwa sababu ya kombucha. Akitaka kuijaribu, amwambie mganga wake, aanze na nusu glasi pamoja na chakula, apime sukari kama kawaida na kuandika matokeo.

Tena asisahau sahani. Bukari ya muhogo inageuka kuwa sukari ndani ya mwili, hata kama haina utamu mdomoni. Tonge zikipungua, na nafasi yake ikichukuliwa na sombe, lengalenga, maharagi na samaki wa ziwa, faida inakuwa kubwa kuliko ya glasi yoyote. Kinywaji cha kila siku kibaki maji yaliyochemshwa. Kombucha iwe ya pembeni, kwa kipimo, siku ambazo zamani zilikuwa za soda.