Uchakavu wa Mashine na Uamuzi wa Kuwekeza: Mfano wa Mahoo

Makala haya yananuia kufafanua uhusiano uliopo baina ya istilahi moja ya uhasibu, yaani uchakavu, na uamuzi wa kampuni kuwekeza. Katika mazungumzo ya kila siku, kuchakaa ni hali ionekanayo: nguo hupauka, jembe huliwa na udongo. Kwa mhasibu si hivyo. Kwake, uchakavu ni kuigawa gharama ya mali katika miaka ya matumizi yake, hata kama mashine yenyewe ingali inang'aa.

Anaweza kutoza kiasi kile kile kila mwaka, au kingi mwanzoni na kidogo baadaye. Fedha zilizolipwa hazibadiliki. Hata hivyo, utafiti wa Jackson na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 ulibaini kwamba kampuni za Marekani zilizofuata mbinu ya pili ziliwekeza zaidi. Sababu ni ya kibinadamu mno: meneja husita kuuza mashine kuukuu ambayo vitabuni bado ina thamani kubwa, maana itambidi aandike hasara.

Sheria ya kodi nchini Kenya hailitambui chaguo hilo. Uchakavu wa vitabuni hurejeshwa kwenye faida, kisha punguzo lililowekwa na sheria yenyewe hutolewa badala yake. Tuseme kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha kusindika ndizi kule Mahoo, Taveta, kwa shilingi milioni 200. Kuanzia 2010, uwekezaji wa kiasi hicho nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu uliruhusiwa punguzo la asilimia 150. Kampuni ingeondoa milioni 300 kwenye faida yake na, kwa kodi ya asilimia 30, kuokoa milioni 90. Mjini Mombasa, kwa asilimia 100, ingeokoa milioni 60. Tofauti hiyo ya milioni 30 ndiyo iliyokuwa fidia ya kwenda mbali na bandari. Marekebisho ya Aprili 2020 yaliifuta: ikabaki nusu ya gharama katika mwaka wa kwanza, na salio polepole.

Lakini je, fidia hiyo ilikuwa ya nani? Punguzo humfaa mwenye faida ya kupunguzwa. Kampuni kongwe ya jijini ingeionja nafuu mwaka ule ule. Wakulima wa Mahoo, wakiunda kampuni yao wenyewe, wangeandika hasara kwenye karatasi na kuisubiri faida ya miaka ijayo, huku mkopo wa mashine ukidai malipo kila mwezi.