Dereva wa Lori Aliyemng'oa Kigogo wa Seneti ya New Jersey

Edward Durr alikuwa dereva wa lori katika kampuni ya samani alipoingia kwenye kinyang'anyiro cha Seneti ya jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka 2021. Alikuwa na umri wa miaka 58 na hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Mara mbili, 2017 na 2019, aliwahi kuwania kuingia katika baraza la chini la bunge la jimbo hilohilo na kuangushwa. Safari hii alisimama kwa tiketi ya chama cha Republican dhidi ya Stephen Sweeney wa chama cha Democratic, Rais wa Seneti tangu Januari 2010, mtu ambaye bila idhini yake muswada haukufika kupigiwa kura. Hesabu ilipokamilika, dereva alimpita kigogo huyo kwa kura zaidi ya 2,000.

Mabunge ya majimbo ndiyo yanayogusa maisha ya kila siku ya Wamarekani kuliko bunge la Washington, ingawa habari zake hazivuki bahari. Msomaji wa Kenya anaweza kufikiria bunge la kaunti, lakini kulinganisha hivyo ni kulipunguzia uzito. Bunge la jimbo hutunga sheria za jinai na za ndoa, hupanga kodi, hugawa fedha za shule, huamua nani abebe bastola na chanjo zipi mtoto apewe kabla ya kuanza darasa. Viti vyake katika majimbo yote 50 vinazidi 7,300. New Jersey imegawanywa katika wilaya 40 za uchaguzi, na kila wilaya hupeleka seneta mmoja na wajumbe wawili wa baraza la chini kwenye mji mkuu wa Trenton. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya muda. Mshahara wa mjumbe ulibaki dola 49,000 kwa mwaka kuanzia 2002, kiasi kidogo katika jimbo lenye maisha ghali, kwa hiyo wengi waliendelea na shughuli zao za uwakili, ualimu au biashara. Sweeney mwenyewe alitokea kwenye ujenzi wa vyuma, akapanda hadi uongozi wa chama cha wafanyakazi wa fani hiyo. Simulizi iliyoenea baadaye, ya mfanyakazi aliyemwangusha bwana mkubwa, ina ukweli wake, ila bwana mkubwa huyo naye alianza maisha akiwa amevaa kofia ya chuma.

Durr alijitambulisha kuwa mhafidhina, na neno hilo lina maana yake mahususi katika siasa za Marekani. Mhafidhina wa huko hutaka serikali ndogo, kodi ndogo, uhuru mpana wa kumiliki silaha na udhibiti mkali wa utoaji mimba. Lakini Durr hakuingia kwenye siasa kwa kusoma vitabu vya nadharia. Alieleza kuwa kilichomsukuma ni kunyimwa kibali cha kubeba bastola iliyofichwa, ilhali hakuwa na rekodi ya uhalifu. Sheria ya New Jersey ilimtaka mwombaji athibitishe kuwa ana haja ya pekee ya silaha, kwa mfano kwamba maisha yake yametishiwa waziwazi. Raia wa kawaida aliyetaka tu kujilinda alikuwa na nafasi finyu mno ya kupata kibali. Kutoka kwenye dukuduku hilo moja mengine yakafuata, na la kwanza lilikuwa kodi ya majengo, ambayo katika New Jersey ni miongoni mwa zile za juu kabisa nchini Marekani.

Mambo mawili ya karibuni yaliongeza kuni. La kwanza lilikuwa chanjo. Mwishoni mwa 2019 Wademocrat walipeleka muswada wa kuondoa ruhusa ya wazazi kukataa chanjo za watoto kwa sababu za kidini. Maelfu ya wazazi walimiminika Trenton wakipiga kelele nje ya jengo la bunge, na Januari 2020 muswada ukakwama katika Seneti kwa kukosa kura. Sweeney alikuwa mtetezi wake, na aliapa hadharani kuendelea kuupigania. La pili lilikuwa UVIKO-19. Gavana Phil Murphy alifunga biashara na kuamuru barakoa shuleni, na kwa wapigakura wengi wa kusini mwa jimbo, bunge lilionekana limemwachia aamue peke yake. Durr alilirudia hilo katika kampeni yake.

Hata hivyo, hakuna aliyekuwa akimtazama, na sababu inarudi nyuma hadi 2017. Mwaka huo chama kikubwa cha walimu cha New Jersey kilikuwa na kisasi na Sweeney, aliyeshirikiana na gavana wa Republican, Chris Christie, kuwafanya watumishi wa umma wachangie zaidi pensheni na bima ya afya. Walimu, ambao kwa kawaida huwaunga mkono Wademocrat, wakamimina mamilioni ya dola kumsaidia mgombea wa Republican. Upande wa Sweeney nao haukulala. Zilitumika zaidi ya dola milioni 18, ikawa kampeni ghali kuliko zote zilizowahi kushuhudiwa hadi wakati huo katika bunge la jimbo lolote la Marekani. Sweeney alishinda kwa urahisi. Somo ambalo viongozi wa Republican walilichukua lilieleweka: kama mamilioni yote yale hayakumtikisa, ya nini kupoteza shilingi nyingine? Mwaka 2021 hakuna mwanasiasa mwenye jina aliyetaka kujitoa mhanga, na tiketi ya chama ikamwangukia Durr bila mpinzani katika kura za mchujo.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya dola 153. Ndicho kiasi ambacho taarifa zake za fedha za kipindi cha mchujo zilionyesha: sehemu ilikwenda kwenye vitafunio na vinywaji vya wasaidizi wake, vilivyonunuliwa katika mgahawa wa Dunkin', na iliyobaki kwenye vipeperushi na kadi za jina. Vyombo vya habari viliikumbatia namba hiyo kana kwamba ndiyo gharama ya kampeni nzima. Durr mwenyewe alisahihisha kuwa kwa jumla alitumia zaidi, maelfu machache ya dola. Hata hivyo, mbele ya mamilioni ya 2017 hizo zilikuwa fedha za nauli. Aligonga milango nyumba kwa nyumba, na akarekodi video ya kawaida kabisa inayomwonyesha akiteremka kwenye lori, kisha akiendesha pikipiki, huku akilalamikia kodi, madeni na gharama za maisha zilizopanda wakati Sweeney yuko madarakani.

Wilaya ya tatu, aliyokuwa akiigombania, iko pembe ya kusini-magharibi ya jimbo, kando ya mto Delaware. Inagusa kaunti za Salem, Gloucester na Cumberland, na ina mashamba, viwanda vikongwe na miji midogo isiyofanana na vitongoji vinavyopakana na New York. Kaunti ya Salem ilikwisha kumpa kura Donald Trump 2016 na 2020. Kwa maneno mengine, Sweeney alikuwa akishikilia kiti cha Democratic mahali ambapo ardhi ilikuwa ikihama chini ya miguu yake. Kilichomweka hapo ni jina lake na mtandao wake na vyama vya wafanyakazi. Kuhama huko kwa ardhi ndiko Warepublican wa jimbo walikokosa kukuona walipohesabu fedha tu.

New Jersey huchagua gavana na wabunge wake katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na kura ya gavana huja mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais. Mpigakura aliyechukizwa na serikali ya Washington hupata nafasi ya kuonyesha hasira zake mapema, na hasira hizo humwangukia yeyote mwenye nembo ya chama kilichopo Ikulu. Joe Biden alishinda New Jersey mwaka 2020 kwa takriban pointi 16. Mwaka mmoja baadaye Murphy, wa chama hichohicho, alimshinda Jack Ciattarelli wa Republican kwa pointi tatu tu. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 40 ya walioandikishwa, na Warepublican wa vijijini walijitokeza kwa wingi. Waliokwenda vituoni kumpigia Ciattarelli walishuka kwenye karatasi ileile hadi jina la Durr. Kuchagua chama kimoja kwenye nafasi zote namna hii, Tanzania wangekuita kura ya mafiga matatu. Ushahidi kwamba wimbi lilikuwa la chama ni kuwa wagombea wenzake wawili wa baraza la chini, Beth Sawyer na Bethanne McCarthy Patrick, nao waliwaangusha Wademocrat waliokuwa na viti hivyo. Bila wimbi hilo video ya pikipiki isingefika popote. Lakini pia bila mtu aliyekubali jina lake liandikwe kwenye karatasi, wimbi lisingekuwa na wa kumbeba.

Upigaji kura ulifanyika Novemba 2, na siku mbili baadaye shirika la habari la Associated Press likatangaza kuwa Durr ameshinda. Sweeney hakukubali mara moja. Alidai kuna kura kama 12,000 ambazo hazijahesabiwa, na akaomba zisubiriwe. Novemba 10 alisimama mbele ya waandishi wa habari na kukiri kuwa ameshindwa. Nafasi ya Rais wa Seneti ilichukuliwa Januari 2022 na Nicholas Scutari, Mdemocrat wa kaunti ya Union, na mhimili wa madaraka ukahama kutoka kusini kwenda kaskazini mwa jimbo. Huenda hilo ndilo badiliko kubwa zaidi lililoletwa na ushindi wa Durr, na yeye hakulikusudia.

Umaarufu wa ghafla ulikuja na bili yake. Trump alimpigia simu kumpongeza, na wakati huohuo waandishi walianza kuchimba maandishi yake ya zamani mtandaoni. Mgombea mwenye jina angechunguzwa na wapinzani wake tangu mwezi wa kwanza wa kampeni. Durr hakuchunguzwa kwa sababu hakuhesabiwa, kwa hiyo maneno yake yaliibuka baada ya kura kupigwa. Mojawapo, la mwaka 2019, lilikuwa kashfa dhidi ya Uislamu na Mtume Muhammad. New Jersey ina mojawapo ya jamii kubwa za Waislamu nchini Marekani, na malalamiko hayakukawia. Durr aliomba radhi, akaenda kukutana na viongozi wa Kiislamu katika kituo chao kusini mwa jimbo, na kusema kuwa ametoka huko amejifunza. Wengine waliipokea radhi hiyo, wengine wakasema wataitazama kwa matendo.

Ndani ya Seneti alijikuta mmoja wa Warepublican 16 dhidi ya Wademocrat 24. Katika bunge la aina hiyo, mjumbe wa upande wa wachache anaweza kuwasilisha miswada mingi apendavyo, lakini wenyeviti wa kamati hutoka upande wa pili, na muswada usiopangiwa kikao hufia kwenye droo. Hata lile lililomwingiza kwenye siasa halikutatuliwa naye. Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi iliyotoka New York, ikafuta sharti la mwombaji kuthibitisha haja ya pekee ya kubeba silaha, na sheria ya New Jersey ikaanguka kwa pigo hilohilo. Wademocrat wa Trenton walijibu Desemba mwaka huo kwa sheria mpya iliyoorodhesha sehemu nyingi ambako bastola hairuhusiwi, na Murphy akaitia saini. Kibali kikawa rahisi kupatikana, na mahali pa kukitumia pakapungua.

Muda nao haukuwa rafiki yake. Maseneta wa New Jersey hawana kipindi kimoja kisichobadilika. Katika kila miaka kumi hutumikia kipindi kimoja cha miaka miwili na viwili vya miaka minne, ili uchaguzi uendane na mipaka mipya inayochorwa baada ya sensa. Kipindi cha 2021 kilikuwa kile kifupi. Kwa hiyo Durr alirudi kwa wapigakura Novemba 2023, mipaka ya wilaya ikiwa imebadilishwa na jina la gavana halimo kwenye karatasi. Waliojitokeza katika jimbo zima walishuka hadi kama asilimia 27.

Jambo zito la mwaka huo lilikuwa utoaji mimba. Mahakama ya Juu ilikuwa imeondoa ulinzi wa kikatiba wa haki hiyo Juni 2022 na kuyaachia majimbo yaamue, kwa hiyo kiti cha bunge la jimbo kikapata uzito ambao hakikuwa nacho Durr alipochaguliwa. Wademocrat walifukua andiko lake jingine la zamani, ambamo aliwataka wanawake wajizuie tu kama hawataki mimba, kwa lugha ambayo hata baadhi ya wenzake walishindwa kuitetea. Mpinzani wake alikuwa John Burzichelli, aliyekuwa amepoteza kiti cha baraza la chini usiku uleule wa 2021 baada ya kukikalia kwa karibu miaka 20. Burzichelli alishinda, na Wademocrat wakarudisha viti vyote vitatu vya wilaya. Januari 2024, mwezi uleule Durr alipotoka, Murphy alitia saini sheria ya kupandisha mshahara wa wabunge hadi dola 82,000 kuanzia 2026.

Durr na Sweeney wote walielekeza macho yao kwenye ugavana wa 2025. Durr alitangaza nia mara tu baada ya kushindwa, kisha akajiondoa mapema 2025 na kumuunga mkono mtangazaji wa redio Bill Spadea, ambaye naye aliangushwa na Ciattarelli katika mchujo wa Republican. Sweeney alibaki hadi mchujo wa Democratic wa Juni na kumaliza mkiani kati ya wagombea sita. Mikie Sherrill alishinda mchujo huo, na Novemba akachaguliwa gavana.